George Cruikshank, mchoraji wa noti ya kitanzi

Ukiuza maharage sokoni Mlola ukalipwa noti ya shilingi elfu kumi, utaipapasa na kuiinua kwenye mwanga. Ikiwa ni bandia, umepata hasara. Uingereza ya miaka 200 iliyopita, aliyepatikana na hatia ya kutumia noti ya namna hiyo huku akijua, aliweza kunyongwa. Leo tunamsimulia George Cruikshank, mchoraji wa katuni aliyeikosoa benki kwa karatasi moja.

Alizaliwa London mwaka 1792. Baba yake, Isaac, naye alikuwa mchoraji wa katuni, na kijana alijifunza kazi nyumbani.

Mwaka 1797, wakati wa vita na Ufaransa, watu waliogopa uvamizi wakakimbilia Benki ya Uingereza kudai dhahabu yao. Serikali ikairuhusu benki isilipe dhahabu, na zikatolewa noti ndogo za pauni 1 na pauni 2. Kabla ya hapo noti ndogo kabisa ilikuwa ya pauni 5, kwa hiyo masikini hawakuzizoea. Noti zenyewe zilichapwa kwa namna rahisi mno, kiasi kwamba fundi yeyote wa kuchora kwenye bamba la shaba aliweza kuziiga. Hadi 1821 watu zaidi ya 300 walikuwa wamenyongwa kwa makosa ya noti bandia. Kwa maoni yetu, kosa la kwanza lilikuwa la waliotoa noti dhaifu namna ile.

Cruikshank alisimulia kwamba alipita karibu na jela ya Newgate akaona wanawake wamenyongwa kwa ajili ya noti za pauni 1. Akaenda nyumbani akachora noti yake mwenyewe. Ndani yake mna safu ya watu wanaoning'inia, wanaume kwa wanawake, na alama ya pauni imetengenezwa kwa kamba. Mwanamke anayewakilisha taifa anamla mtoto wake. Mahali pa saini ya mtu wa benki pana jina la mnyongaji.

William Hone aliichapa Januari 1819, na umati ukajaa dukani kwake.

Uzeeni Cruikshank alijigamba kwamba picha yake ndiyo iliyokomesha unyongaji. Hapo alizidisha. Malalamiko yalikuwa mengi, na Bunge lilishughulikia kurudi kwa dhahabu mwaka uleule wa 1819. Benki ilianza tena kulipa dhahabu kikamilifu mwaka 1821. Hata hivyo mtu wa mwisho kunyongwa kwa kughushi alikufa mwaka 1829, na adhabu hiyo ilifutwa kabisa mwaka 1837.

Wala hakuwa malaika. Mwaka 1820 alipokea pauni 100, akaahidi kutomchora mfalme katika hali ya aibu.

Baadaye alichora picha za kitabu cha Charles Dickens, Oliver Twist, na akapiga vita ulevi. Alifariki mwaka 1878 akiwa na miaka 85. Mabaki yake yamo katika Kanisa Kuu la St Paul's, London.