Fundi wa Cremona

Nilisoma katika shule hii, na leo kazi yangu ni useremala hapa Bwera. Kwa hiyo katika watu mashuhuri wa kale nimemchagua fundi mwenzangu, Antonio Stradivari.

Alizaliwa yapata mwaka 1644, akafanya kazi yake katika mji wa Cremona, Italia. Alitengeneza fidla, na pia chelo, ambayo ni fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti. Zeze letu la kamba moja huwambwa ngozi, lakini fidla ni mbao tupu. Ubao wa mbele aliuchonga katika mti wa jamii ya misonobari, uliokua polepole katika baridi ya milima, baridi kama ile ya juu Rwenzori. Mgongo aliufanya kwa mti mgumu zaidi. Ule wa mbele aliupunguza hata ukabaki milimita 3 hivi. Mbavu zilikuwa milimita 1 tu, akazipinda kwa chuma cha moto. Seremala ajua: patasi ikiteleza mara moja, kazi ya majuma imepotea.

Wengi husema kwamba siri yake ilikuwa vanishi. Mimi sikubali. Mwaka 2009 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kwamba wamepima vyombo vyake vitano vya muziki, wakakuta mafuta, utomvu wa misonobari na rangi, vitu vya kawaida vya siku zile.

Nionavyo, ukuu wake waonekana katika chelo. Zamani zilikuwa kubwa mno, mkono wa mpigaji ukataabika. Yeye naye alizitengeneza hivyo miaka mingi. Hata yapata mwaka 1707, akiwa amepita miaka 60, akaacha kipimo alichokizoea, akachora kipya, urefu wa sentimita 75 na kidogo. Mafundi wa leo wangali wakikifuata. Zile kubwa, nyingi zilikatwa na wenyewe wa baadaye ili zipungue. Yaniuma kufikiri msumeno ule!

Alifariki tarehe 18 Desemba 1737, akiwa amepita miaka 90, naye hakuwa ameacha kazi. Wanawe waliofanya kazi naye, Omobono na Francesco, wakafa mwaka 1742 na 1743. Hakuacha kitabu cha kufundisha ufundi wake. Zilibaki kalibu za mbao, vyombo na michoro, ambavyo Paolo, mwanawe mfanya biashara ya nguo, aliviuza katika miaka ya 1770. Vingi vimerudi Cremona, vimewekwa katika jumba la makumbusho.