Marr: Msomi aliyekimbizana na kifo kufumbua siri ya kuona

MWANASAYANSI David Marr aliishi miaka 35 pekee, lakini kazi yake ni miongoni mwa nguzo za taaluma ya kuziwezesha tarakilishi kuona.

Alizaliwa Januari 19, 1945, Woodford, Essex, nchini Uingereza. Alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akageukia utafiti wa ubongo. Nadharia yake kuhusu ubongo mdogo ulio kisogoni, iliyochapishwa 1969, ndiyo iliyomjengea jina.

Mnamo 1973 alielekea Marekani, katika maabara ya akili bandia ya Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT). Huko alikabili swali gumu: ikiwa picha inayoingia jichoni ni bapa, umbali na umbo la vitu hujulikanaje?

Marr alitambua kwamba dalili moja haitoshi. Doa jeusi ukutani laweza kuwa kivuli, shimo au rangi tu. Alipendekeza kila dalili ichanganuliwe kivyake: tofauti ndogo baina ya picha za macho mawili, mwendo, vivuli, ruwaza zilizo juu ya kitu na mipaka yake. Kisha matokeo yote yakutanishwe katika mchoro mmoja unaoonyesha jinsi kila sehemu ilivyo mbali na mtazamaji na jinsi ilivyoinama. Kutokana na mchoro huo, ndipo umbo kamili la kitu lingepatikana.

Pamoja na Tomaso Poggio, mnamo 1976 alichapisha utaratibu wa kuiwezesha tarakilishi kulinganisha picha za macho mawili na kukadiria umbali.

Hata hivyo, saratani ya damu ilimwandama kazi ikiwa imeshika kasi. Akijua muda wake ni mfupi, alianza kuandika kitabu chake miaka kadhaa kabla ya wakati aliokusudia.

Alifariki Novemba 17, 1980. Kitabu hicho, Vision, kilichapishwa 1982, naye mwandishi hakuwahi kukiona.

Mifumo ya sasa hujifunza yenyewe kutokana na mamilioni ya picha, bila kufuata hatua alizozipanga Marr. Lakini swali lake lingali hai, na tangu 1987 tuzo yenye jina lake hutolewa katika kongamano kuu la kimataifa la taaluma hiyo.