Alfred Smith wa Soko la Samaki

Katika nchi ya Marekani kila jimbo lina gavana wake na baraza lake la kutunga sheria. Alfred Smith alizaliwa mwaka 1873 katika mji wa New York, ulio katika jimbo lenye jina hilo hilo. Walikaa mtaa wa maskini, karibu na mahali lilipokuwa likijengwa daraja kubwa la Brooklyn. Baba yake alifariki mwaka 1886, na mtoto akaacha shule kabla ya kumaliza darasa la nane, apate kumsaidia mama yake. Hatimaye akaajiriwa katika soko la samaki la Fulton, kwa dola 12 kila juma.

Mwaka 1903 alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la jimbo, lililokutana katika mji wa Albany. Tusifiche neno: aliinuliwa na wakubwa wa Tammany Hall, chama chenye sifa mbaya ya rushwa. Naye alipofika barazani aliona aibu kubwa. Miswada ya sheria iliwekwa mbele yake, wala hakufahamu maana yake. Alikaribia kukata tamaa. Lakini akajifungia chumbani usiku baada ya usiku, akaisoma yote, hata ile ya fedha za serikali ambayo wenzake wengi hawakujali kuifungua.

Basi tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, mjini New York. Katika orofa ya tisa mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za wazima-moto hazikufika juu kiasi hicho. Watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji waliotoka katika nyumba kama ile aliyolelewa Smith. Baraza likaweka tume ya kuchunguza viwanda, mwenyekiti wake Robert Wagner, na Smith makamu wake. Hawakukaa kungoja habari ziletwe. Walikwenda wenyewe, wakapanda ngazi, wakatazama milango, wakaona watoto wadogo wakifanya kazi katika viwanda vya kutia mboga makoponi.

Hapo ndipo usomaji wa usiku ulipofaa. Wenye viwanda walipinga sana, lakini Smith alijua njia zote za kuupitisha mswada barazani. Zikatungwa sheria nyingi: milango isifungwe wakati wa kazi, wafanyakazi wafundishwe namna ya kutoka moto ukiwaka, na wanawake wasifanye kazi zaidi ya saa 54 kwa juma.

Baadaye alichaguliwa gavana mara nne. Mwaka 1928 aligombea urais wa Marekani, akashindwa na Herbert Hoover. Wengi walimkataa kwa kuwa ni Mkatoliki, na wengine kwa kuwa alipinga sheria ya kukataza pombe. Alifariki mwaka 1944. Inasemekana kwamba wajumbe wenzake walipokuwa wakitaja vyuo vikuu walivyosoma, yeye alilitaja soko la samaki la Fulton.