Kivoi wa Mwendwa, Tajiri wa Kitui

Aliyepata kupita Kitui wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa shida ya nchi ile. Mito yake mingi hukauka, na watu hufukua mchanga ndipo wapate maji. Mvua hungojewa mara mbili kwa mwaka, na aghalabu huwa haba. Wazee wa Wakamba walihamia huko kutoka milima ya Mbooni, ambayo sasa imo katika Makueni. Mbooni ilikuwa na maji na rutuba. Walipozidi wingi ardhi haikuwatosha, baadhi yao wakavuka mto Athi kuelekea mashariki. Huko ukame uliwafunza kuthuua, yaani kuwaendea majirani ili kubadilishana vitu kwa chakula, na safari hizo za njaa ndizo zilizowazoeza njia hata wakaweza kufanya biashara ya mbali.

Katika watu hao alitoka Kivoi wa Mwendwa. Alikusanya pembe za ndovu, akashuka nazo Mombasa kwa msafara uliofikia watu 200 au 300, wakiikata nyika ya Taru isiyo na maji, kisha akarejea na nguo, shanga na masango ya shaba. Jina lake lilijulikana pwani na bara. Hatumsifu kwa kila jambo: alimiliki watumwa, na hilo halifichiki.

Lakini linalostahiki kutazamwa ni hili. Watu wake walitolewa majumbani mwao na njaa. Amma yeye alikwisha shiba. Alikuwa na mali na wafuasi, na lau angaliketi kivulini akawatuma vijana, hapana ambaye angalimlaumu. Wala hakuketi. Alipofika kwake Krapf, mmisionari wa Kijerumani, mwishoni mwa mwaka 1849, alimkuta ni mtu aliyekwisha kuifikia nchi ya Wachaga na kuuona kwa macho yake mlima wenye weupe kileleni. Kivoi ndiye aliyemweleza habari za mlima mwingine wa namna hiyo, ambao Wakamba huuita Kiinyaa. Tarehe 3 Desemba mawingu yalifunguka, na mgeni akauona kwa mbali kutoka Kitui. Jina la nchi yetu ya Kenya limetokana na mlima huo.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, na Kivoi akatoka naye kuelekea mto Tana, akiwa bado anaongoza msafara kwa miguu yake mwenyewe. Karibu na mto waliviziwa na wanyang'anyi. Wengi katika msafara walikimbia. Kivoi akauawa pamoja na wale waliokuwa karibu naye. Krapf alinusurika peke yake, akatembea usiku kwa njaa na kiu, na maji akayachukua ndani ya mtutu wa bunduki. Alipofika kwa jamaa za Kivoi walimtupia lawama za kifo kile, hata ikambidi atoroke.

Muda wote huo wafanyabiashara wengi wa Mombasa walikuwa wakiketi mjini, wakingoja pembe waletewe mlangoni na Wakamba. Katika miaka iliyofuata kifo cha Kivoi walianza kupanda bara wenyewe, na Wakamba, waliokuwa wamezoea kuwa wao ndio wenye njia, wakaikuta biashara ile imekwisha watoka mikononi.