Mwalimu Nyerere na Elimu ya Afya

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwaka 1922. Alianza shule huko Mwisenge akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea na masomo Tabora, Makerere na Edinburgh. Kabla ya kuiongoza Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961, alifundisha shule huko Tabora na Pugu. Ndiyo maana watu walimwita Mwalimu.

Wakati wa uhuru, madaktari wazalendo walikuwa wachache sana, na vijiji vingi vilikuwa mbali na hospitali. Hata hivyo, maradhi mengi yaliyowaua wananchi yaliweza kuzuiwa, kama wangejua yanavyoenea.

Mwalimu aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu na kujadiliana juu ya malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu. Kisha walichimba vyoo, wakafyeka majani na kufukia madimbwi.

Je, kazi hizo hupunguzaje gharama za matibabu? Tutazame safura. Mayai ya minyoo hutoka pamoja na kinyesi. Yakianguliwa udongoni, minyoo wachanga hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu. Wakikomaa, hufyonza damu ndani ya utumbo. Choo hukata njia hiyo. Choo huchimbwa kwa jembe na nguvu za mwili. Mgonjwa huhitaji dawa, nauli na siku nyingi bila kazi. Lakini choo kisichotumiwa ni shimo tu.

Nyarugusu, wilayani Geita, watu huchimba dhahabu. Shimo lililoachwa wazi hujaa maji ya mvua, na mbu wa malaria huweza kuzaliana humo. Mchimbaji akiugua, dhahabu aliyoipata kwa jasho huishia katika matibabu. Kulifukia shimo ni kuilinda afya yake na mapato yake.

Mwalimu Nyerere alifariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999.

Maswali

1. Minyoo ya safura huingiaje mwilini?
2. Kwa nini kinga ni nafuu kuliko tiba?
3. Tafuteni madimbwi karibu na shule yenu. Mtayaondoaje?