Ripoti Iliyochelewa Miaka 14

Ignaz Semmelweis alizaliwa Buda, Hungaria, mwaka 1818. Mwaka 1847 alikuwa daktari Hospitali Kuu ya Vienna, yenye wodi mbili za wazazi. Kwenye wodi ya madaktari na wanafunzi wao, homa ya uzazi iliua akina mama wengi kuliko kwenye wodi ya wakunga. Kwa nini? Rafiki yake Kolletschka alijeruhiwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa na dalili zilezile. Semmelweis akaelewa: wanafunzi walitoka kwenye maiti wakaenda kuzalisha! Akaagiza wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vya asilimia 18 mwezi Aprili vikashuka hadi kama 2 mwezi Juni.

Shida ikawa kuandika. Ripoti kamili ilitoka mwaka 1861, ndefu, yenye kujirudiarudia na ugomvi tele na wapinzani. Wakubwa wa fani wakaipuuza, akina mama wakaendelea kufa. Alifariki mwaka 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Basi ndugu zangu, mbinu, matokeo, hitimisho: si mambo ya kutafutia maksi tu. Kuna mtu anayasubiri.