Amir Abdelkader: Aliyekuwa na Sababu ya Kufunga Mlango

Muhula uliopita tulikuwa tumekaa kibarazani hosteli, mabishano ya mpira yakageuka kuwa ya dini. Mwenzetu mmoja akaanza kushambuliwa kwa mambo yaliyofanywa na watu wa dini yake huko nchi za mbali. Mimi nikanyamaza. Nilijiambia eti siyo ugomvi wangu. Tangu siku ile namfikiria sana mtu aliyekuwa na sababu nzito kuliko zangu za kunyamaza: Amir Abdelkader wa Algeria.

Alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, katika familia ya wanazuoni wa Kisufi. Wafaransa walipoivamia Algeria mwaka 1830 yeye alikuwa kijana wa vitabu tu. Miaka miwili baadaye makabila ya magharibi yakamchagua kuwa kiongozi, naye akapigana na jeshi la Ufaransa kwa miaka 15. Hata vitani alikataza mateka kuuawa au kuteswa.

Desemba 1847 alisalimu amri kwa sharti moja: aachwe aende Alexandria au Akka na watu wake. Ufaransa ikakubali, halafu ikavunja ahadi. Alifungwa Toulon, Pau, kisha Amboise, karibu miaka 5 kwa jumla, na baadhi ya watu wake wakafia huko huko. Aliachiwa mwaka 1852, na mwaka 1855 akahamia Damascus, ambako alifundisha dini.

Sasa njoo Julai 1860. Vita vya Wadruzi na Wakristo katika milima ya Lebanon vilikuwa vimeeneza chuki hadi Damascus, na kundi la watu likavamia mtaa wa Wakristo, likiua na kuchoma nyumba. Abdelkader na Waalgeria wake, wengi wao wapiganaji wa zamani, waliingia vichochoroni kuwatoa watu. Aliahidi hata zawadi ya fedha kwa kila Mkristo atakayeletwa kwake akiwa hai. Nyumba ilipojaa, waliokolewa wakasindikizwa hadi ngome ya mji. Kundi lilipokuja mlangoni kwake kudai watu, alikataa kuwatoa. Maelfu walipona, wakiwemo wanadiplomasia wa Ulaya.

Jamani, angalia hapo. Aliyemsaliti alikuwa Ufaransa, nchi ya Wakristo. Angeweza kusema hawa ni wale wale. Lakini fundi au mama wa Damascus hakumfunga yeye Amboise, kwa hiyo hakumdai chochote. Tena waliokuwa wakiua walikuwa Waislamu wenzake, na aliwazuia kwa sababu aliona dini yake inamtaka afanye hivyo. Hakuiacha imani yake ili aishi na wengine.

Ufaransa ile ile ilimpa nishani kubwa, na Marekani ikamtumia bastola za heshima. Alifariki Damascus mwaka 1883.

Tunaongea sana kwenye makongamano kuhusu ustaarabu mbalimbali kuishi pamoja. Kwangu mimi mtihani ulikuja kibarazani, wakati waliokosea walikuwa marafiki zangu, na nikafeli. Yule mwenzetu nimeshamwomba radhi. Amenisamehe, ila kibarazani hajarudi. Siku akirudi, nitakuwa nimekaa upande wake.